Nani Anaunywa Mto? Siku Saba Kutoka Kipini Hadi Garissa

Ozi, kwa jirani zetu hapo juu kidogo ya Kipini, miembe inakufa imesimama. Mto Tana ukipungua nguvu bahari huingia ndani, maji chumvi yakapanda hadi mashambani, na mpunga ukakauka kabla haujatoa suke. Waulize wazee sababu, watakujibu kwa neno moja: mto unanywewa huko juu. Na "huko juu", kwa mtu wa Kipini, ni Garissa. Ramani ya wazee wetu haipandi zaidi ya hapo.

Nina mdogo wangu Garissa, fundi wa pampu za maji. Mwaka wa sita huu ananiita, nami kila mara nasingizia duka. Januari 2025 nikamwachia binti yangu ufunguo, nikasema naenda kumwona mdogo wangu. Moyoni nilikuwa naenda kumwona huyo anayeunywa mto.

Jumatatu: Kipini hadi Hola

Bodaboda ilinipeleka baada ya alfajiri hadi barabara ya Lamu, nikapanda matatu, tukavuka mto karibu na Garsen na kushuka Minjila. Kikapuni nilikuwa na halua ya Lamu, ng'onda waliofungwa kwenye gazeti, na nazi sita, maana mdogo wangu aliniambia nazi ya Garissa ni ya kuotea ndoto tu.

Minjila ni njia panda ya Malindi, Lamu na Hola. Makanga aliapa kwamba amebakia mtu mmoja tu tuondoke. Niliketi nikahesabu wakiingia wanane, na bado mmoja yule hajapatikana. Saa nne na nusu ndipo gari likaamka.

Njia yote kupitia Wenje mto huuoni, ila unajua uko wapi: upande wa kulia kuna mstari wa miti mibichi unaokwenda nawe, na upande wa kushoto ni vichaka vya kijivu mpaka macho yachoke. Kati ya ubichi na ukavu hapana hata robo saa ya kutembea.

Hola nililala tu. Ndipo makao makuu ya Kaunti ya Tana River, na ndipo tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 wa Mau Mau walipigwa na askari wa kambi hadi wakafa. Serikali ya kikoloni kwanza ilitangaza kwamba walikunywa maji mabaya. Mwenye nyumba ya wageni ndiye aliyenihadithia, huku akinimiminia maji ya kunywa kwenye bilauri, na sikujua nicheke au niyaache.

Jumanne: Hola hadi Garissa

Kuanzia Hola kwenda Bura mwenyeji mpya wa nchi ni mathenge. Huo mti uliletwa huku miaka ya 1980 mwanzoni, wakati wa kuanzisha mradi wa umwagiliaji wa Bura, ili walowezi wa mradi wapate kuni. Kuni wamepata. Sasa mathenge imefunga njia za ng'ombe, imejaa kwenye mifereji, imekwenda hadi kwenye kuta za nyumba, na mwiba wake ni mrefu kama kidole changu cha shahada. Mmoja uliingia kwenye gurudumu letu baada ya Bura. Dereva hakushangaa hata kidogo. Alishuka na jeki huku akiendelea kuongea na simu.

Tuliketi kwenye kivuli chembamba cha gari, abiria kumi na watatu tumejipanga kama nguo kwenye kamba. Kijana wa Kiorma aliyekuwa akirudi kwa mifugo yake alivunja ganda la mathenge akanionyesha mbegu. "Mbuzi anakula hili, meno yake yanaharibika," akasema, "halafu anakwenda kuzipanda mwenyewe kwa kinyesi chake. Adui anayelishwa na mbuzi wako utampigaje?"

Madogo tukafika alasiri. Vitambulisho vikatolewa, mikoba ikafunguliwa, ng'onda wangu wakanuswa na askari kijana aliyerudi nyuma hatua mbili. Kisha daraja. Daraja la Garissa si refu. Lakini kwa wazee wa ng'ambo lilikuwa na uzito mkubwa: upande huu ulikuwa Mkoa wa Pwani, upande ule Mkoa wa Kaskazini Mashariki, zamani NFD (Northern Frontier District), nchi iliyofungwa na Mwingereza, ikapigwa vita ya shifta 1963 hadi 1967, na kutawaliwa kwa sheria ya hali ya hatari hadi miaka ya 1990 mwanzoni. Mikoa ilikufa mwaka 2013 kaunti zilipoanza. Hata hivyo mzee tuliyeketi naye kiti kimoja, tulipomaliza kuvuka, aliniuliza kwa upole kabisa, "Na huko Kenya mlikotoka, kuna mvua?"

Chini ya daraja nikauona mto wangu. Mwembamba, wa rangi ya udongo, una haraka. Kwetu Tana hutembea kama mtu aliyeshiba.

Mdogo wangu alinipokea stendi na tuktuk. Amekonda, amekuwa mweusi zaidi, na Kiswahili chake kimeingia Kisomali. Saa kumi na mbili jioni ukuta wa chumba chake bado ulikuwa wa moto ukiuegemea. Tulitoa mikeka, tukalala uani na majirani wote, na nilisikia watu watano tofauti wakikohoa.

Jumatano: soko la mifugo

Jumatano mji mzima huelekea upande mmoja. Kabla ya saa moja asubuhi tuktuk zilikuwa zimepakia kamba, fimbo, watu na mbuzi wawili wawili miguuni mwa abiria. Soko la mifugo la Garissa linatajwa miongoni mwa makubwa Afrika Mashariki na Kati, na ng'ombe wanaochinjwa Mombasa na Nairobi wengi wamepita hapa. Wengine hutembezwa kwa majuma kutoka upande wa mpaka wa Somalia.

Kwanza ni vumbi. Halafu sauti. Halafu, vumbi likitua, unaanza kutenganisha: ng'ombe weupe wenye nundu, wenye chapa za moto ubavuni, kondoo wa kichwa cheusi, mkia umevimba mafuta, mbuzi weupe kama waliofuliwa, na ngamia kule pembeni, wametazama juu ya kila mtu kama wenye nyumba wanaosubiri kodi.

Nilisimama karibu na dalali mmoja mzee, ndevu amezitia hina. Mnunuzi alikuwa Mswahili wa Mombasa, nikamtambua kwa lafudhi tu. Hawakutajiana bei. Dalali alimchukua mkono, akatupa ncha ya shuka lake juu ya mikono yote miwili, na mazungumzo yakahamia huko chini. Nguo ilitikisika. Ikatulia. Ikatikisika tena kwa ukali kidogo. Nyuso zao huku juu zinatazama pengine kabisa, mmoja kwa ngamia, mwingine kwa mbingu, kama watu wasiojuana. Ukishikwa kidole kimoja ni bei fulani, viwili ni nyingine, kiganja kizima ni nyingine tena. Kama ni maelfu au makumi ya maelfu, mnyama aliyesimama mbele yenu ndiye anayesema. Na waliowazunguka, madalali wenzao na wanunuzi wenzake, hawajui kitu.

Ghafla dalali akavuta mkono wake akaondoka hatua tatu, uso wa mtu aliyetukanwa. Mnunuzi hakumfuata. Dalali akarudi. Nguo ikafunika tena, safari hii muda mfupi tu, na mafahali manne yakawa yamekwenda Mombasa. Malipo yakapita kwenye simu.

Nilimwuliza yule mnunuzi, kwa vile ni mtu wa kwetu, walimaliza kwa ngapi. Akacheka. "Dada yangu, nikikwambia mkono ulisema nini, Jumatano ijayo sina wa kunipa mkono."

Wenye soko, ukiangalia vizuri, ni wanaume ndani na wanawake kingoni. Kingoni ndiko kuna chai, anjera, na maziwa ya ngamia kwenye mitungi iliyofukizwa moshi. Niliketi kwa mwanamke mmoja wa rika langu, akaniita abaayo, yaani dada, akanijazia kikombe kabla sijasema nataka. Maziwa yana moshi kwanza, halafu chumvi kwa mbali, halafu uchachu. Sikuyapenda funda la kwanza. La tatu niliomba mwenyewe. Aliniambia kwamba katika ule ukame ambapo misimu mitano ya mvua ilikosa, kuanzia 2020, walipoteza ng'ombe wote nyumbani kwao. Ngamia wawili wakabaki, na hao wawili ndio waliowalea watoto. "Ng'ombe ni mali," akasema, "ngamia ni mama."

Jioni mdogo wangu alinipikia wali kwa nyirinyiri, ile nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaangwa hadi ikauke, ikahifadhiwa kwenye samli. Pembeni ya sahani akaweka ndizi mbivu, nzima. Hapa wali bila ndizi ni kama haujaiva. Nikamwuliza ndizi zinatoka wapi katika nchi hii ya vumbi. "Kesho," akasema.

Alhamisi: mashambani

Kutoka katikati ya mji hadi shambani ni mwendo wa chini ya dakika ishirini kwa tuktuk, na ni kama kutoka jikoni kwenda barazani. Unapita vumbi, mathenge, mbuzi wanaokula katoni. Kisha ardhi inashuka kidogo, hewa inapoa, na ghafla umo ndani ya migomba. Mipapai. Miembe ya ngowe, wallahi ngowe zilezile za kwetu, imeinama kwa uzito. Vitunguu, nyanya, matikiti, kunde, na nyasi zinazokatwa mafungu kuuzwa mjini kwa wafugaji. Garissa hupata mvua isiyofika milimita 400 kwa mwaka wa kawaida. Yote haya ni mto, na mto unaletwa kwa petroli.

Tulikuwa tumeitwa kwa pampu iliyokufa. Mwenye shamba, mzee Msomali mwenye kofia ya uzi, alisalimu, akaniita mama, akaninyooshea kigoda cha kamba chini ya mwembe, akarudi kusimama juu ya fundi wake kama daktari anayesubiri majibu. Shamba si lake peke yake. Ni kundi, kila mmoja na kipande chake, na pampu ni ya wote, maana yake ikifa ugomvi pia ni wa wote.

Mdogo wangu alifungua parafujo moja moja akazipanga kwenye jani la mgomba kwa mfuatano. Alipoinua kifuniko, nikaona kilichoiua. Lile gurudumu la ndani linalosukuma maji lilikuwa halionekani. Tope lilikuwa limejaa kila pembe, jekundu, laini kama hina iliyokandwa, lisilo na hata chembe ya mchanga. Alilikomba kwa kidole akanipaka mkononi kwa utani, kama tulivyokuwa tukifanya utotoni.

Nilinyamaza kwa sababu tope lile nalijua. Mvua kubwa zikinyesha bara, bahari yetu Kipini huvaa rangi ya chai ya maziwa hadi mbali kwenye Ghuba ya Ungwana, na wavuvi hurudi na nyavu zilizoshika utando huohuo. Si udongo wa Garissa. Wa Garissa ni wa kijivu. Huu umetoka Mlima Kenya na safu za Aberdare, mashamba ya watu yanayobomoka na kusafiri.

Pampu ilipoamka, maji yalichukua muda kidogo kupanda mpira, mpira ukajinyoosha kama nyoka aliyekanyagwa, kisha yakaruka mdomoni mwa mfereji. Kijana mmoja alikuwa anangoja na jembe. Kazi yake ni kufungua na kufunga: anakata ukingo wa jaruba la kwanza, maji yanaingia, yanazunguka shina la mgomba, yakifika kifundo cha mguu wake anarudisha udongo kwa jembe na kisigino, anakata la pili. Hapepesi macho. Akizembea kidogo, maji yanakwenda kwenye kitunguu cha jirani na petroli ni yako.

Tulipokunywa chai nikamwambia mzee natokea mtoni kabisa, mdomoni, na kwamba kwetu wanasema watu wa Garissa mnaumaliza mto. Nilidhani atakasirika. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Mama, mimi miaka yote nilifikiri ninyi ndio mnaoumaliza," akasema. "Si mnaumwaga baharini?"

Kwake yeye, tone lolote lililopita daraja bila kunyeshea kitu ni tone lililopotea. Nikajaribu kumweleza habari ya Ozi, kwamba mto ukiwa dhaifu bahari inapanda, kwamba maji yanayofika kwetu yana kazi ya kuisukuma chumvi irudi kwao. Alisikiliza kwa adabu. Hakuamini. Bahari inayopanda mto kama mtu anayepanda ngazi, aliona ni hadithi ya pwani.

Kisha akanyoosha mkono kuelekea kaskazini magharibi, mto unakotoka. Yeye pia ana "huko juu" kwake. Mdogo wangu, anayezijua kwa majina, alianza kuhesabu kwa vidole vyenye grisi: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere. Mabwawa matano ya umeme, la kwanza Kindaruma mwaka 1968, kubwa zaidi Masinga mwaka 1981. Juu ya hayo kuna bwawa la Ndakaini, kwenye mto Thika unaoingia Tana, ambalo ndilo linalonywesha sehemu kubwa ya Nairobi. Nikawaza mtu wa Nairobi akifungua bomba kuoga asubuhi, hana habari na Ozi wala na mzee huyu. Naye, nina hakika, ukimwuliza atakwambia maji yanakatwa huko juu.

Mabwawa hayo mzee hayasemi vibaya siku zote. Kiangazi yanampa mto usiokauka. Lakini yakijaa yakafurika, kinachoshuka hakina huruma. Mafuriko ya Novemba 2023 yalichukua migomba. Wakapanda upya. Aprili 2024 yakaja mengine. "Siku ile hapa hapakuwa na wingu," akasema. "Jua linawaka, unapangusa jasho, na maji yanapanda shambani kwako polepole bila kelele. Mafuriko ya jua." Simuni na redioni hutangazwa wahame, wanahamisha pampu kwanza, watoto pili, migomba haihamishiki. Alinionyesha mstari wa tope kwenye shina la mwembe. Nilisimama chini yake, nikanyoosha mkono juu, ncha za vidole ndizo zilizougusa.

Kando ya maji amesimamisha kijiti chenye alama za kisu, moja kwa kila shubiri. Kila asubuhi anakisoma kabla ya chai. Siku hiyo mto ulikuwa kwenye alama ya nne.

Tukiwa tunafunga vyombo, ng'ombe kama thelathini walipita kwenda kunywa, wakipenya kwenye njia nyembamba kati ya nyua mbili za miiba. Njia hiyo huitwa malka, mlango wa mifugo kufika mtoni, na hairuhusiwi kufungwa. Mashamba yanapanuka kila mwaka, malka hazipanuki. Kijana aliyewachunga alimpiga ng'ombe mmoja puani aliyekuwa amechungulia migomba, akamwomba mzee radhi, mzee akajibu, wote kwa sauti ya chini. Mdogo wangu alinong'ona kwamba sauti zikipanda hapo, siku hiyo hakuna anayemaliza kazi.

Ijumaa: mjini

Nilizunguka mji kwa miguu asubuhi, kabla jua halijawa kali. Soko kuu linaitwa Soko Mugdi, na mugdi kwa Kisomali ni giza. Mtaa mmoja mkubwa ni Bula Iftin, na iftin ni mwanga. Nikamwambia mdogo wangu mmejigawia vizuri. Ndani ya Mugdi kweli ni giza: turubai juu ya turubai, vitambaa vya dirac vinang'aa kama samaki, na wanawake wanauza uunsi, ule uvumba wa kukaangwa kwa sukari, kwenye makopo ya unga. Nilinusa sita, nikanunua mmoja. Udi wetu ni mtulivu. Huu unakuingia chumbani kama mgeni mwenye sauti. Halua yao nayo nilionja. Nzuri. Ya Lamu ni bora, na sina haja ya kujadili.

Hospitali kuu bado watu wanaiita PGH, hospitali ya mkoa, ingawa mkoa wenyewe haupo. Dereva wa tuktuk aliniambia "kwa PC", yaani kwa mkuu wa mkoa, akimaanisha ofisi za serikali, na yeye alikuwa mtoto wakati PC wa mwisho akiondoka.

Tulipita nje ya Chuo Kikuu cha Garissa. Tarehe 2 Aprili 2015 waliuawa pale watu 148, wengi wao wanafunzi waliokuwa wamelala au wanasali alfajiri. Niliwaona vijana wakitoka na vitabu kifuani, wanabishana juu ya nani atalipa nauli. Mdogo wangu hakusema kitu mpaka tulipopita, kisha akasema wa umri wake hapa wanahesabu kwa mwaka huo, na wa umri wa baba yetu wanahesabu kwa Novemba 1980, mtaa ulipochomwa moto na askari na watu wakakusanywa kwenye uwanja wa shule. Mji mmoja, kalenda mbili.

Adhuhuri adhana ilipotoka kila kitu kilifungwa. Baada ya sala watu hawakurudi kazini, walirudi kulala. Nami nililala, kitambaa chenye maji usoni, kama nilivyofundishwa.

Jambo moja linanikera tangu jana. Huko Raya, karibu na mji, kuna shamba la jua la megawati 50, lilifunguliwa Desemba 2019, zaidi ya paneli 200,000. Umeme wake unaingia kwenye gridi ya taifa. Na mzee wa migomba, chini ya jua hilohilo, anapima petroli kwa chupa ya soda. Mdogo wangu anasema mambo yanabadilika, mwezi uliopita alifunga pampu tatu za sola. Tatu.

Jumamosi: Mororo, na twiga

Asubuhi tulirudi ng'ambo ya daraja, Mororo, kwa mzee wa Kimunyoyaya mwenye mtumbwi. Wamunyoyaya ni watu wa mto. Wanalima ukingoni, wanavua, wanavusha. Mwaka 2024 barabara ya hapa ilipokatwa na maji, Garissa ikatengana na Nairobi, na watu wakawa wanavushwa kwa boti kutoka lami hadi lami. Aprili mwishoni boti moja ilipinduka na kuua watu. Mzee aliniambia yeye alivusha siku zote kwa upondo, ule mti wa kusukumia mtumbwi, watu wanne tu kila safari, na alitukanwa sana na waliotaka wapande kumi.

Alivyokuwa anasema "upondo" nilifurahi kama nimekutana na jamaa. Tuliingia mtumbwini, akatupeleka mita mia moja juu na kurudi. Aliponyoosha kidevu kuonyesha ukingo wa pili nilidhani ni gogo. Gogo likafumba jicho. Nilimaliza safari nimeshika magoti ya mdogo wangu, na sitaki aizungumzie nyumbani.

Jioni tukaenda Bour-Algi, kusini kidogo ya mji, ambako wanakijiji wenyewe wanalinda twiga, wale wenye mistari myeupe safi kama wavu. Walikuja saa kumi na moja, wakitembea kimya kati ya miti wakielekea mtoni. Mmoja, mkubwa, alisimama kwenye ua wa shamba, akapitisha shingo juu ya miiba yote kana kwamba haipo, akachagua embe. Mama mmoja alitoka na sufuria akaipiga kwa mwiko, akimfokea kwa Kisomali. Twiga alimtazama, akatafuna, akachukua la pili.

"Anamwambia nini?" nikauliza.

"Anamwambia, hata wewe?"

Jumapili: kurudi

Gari la saa kumi na mbili asubuhi liliondoka saa mbili. Mdogo wangu alinipakia ndizi, nyirinyiri kwenye kopo, na ngowe gunia zima, nikamwambia unanipelekea embe pwani, akasema za Ozi si zimekufa? Hilo sikulijibu. Kizuizini askari wa kike alifungua kopo la nyirinyiri, akanusa, akaniangalia. Nikamkaribisha. Akakomba kijiko kimoja, akafunga kopo kwa heshima, akasema safari njema mama.

Nimefika Kipini Jumatatu mchana. Jioni ujumbe ukaingia simuni: pampu inafanya kazi, ila kijiti kimeshuka, alama ya tatu sasa. Nilimwonyesha mama, nikamweleza habari ya kijiti, nikasema labda na sisi tusimamishe kimoja hapa gatini.

"Hapa?" akasema mama. "Utakisoma saa ngapi, maji yakijaa au yakikupwa?"